Muulize Mweka Hazina: Ukumbi ulijaa, mbona wamefunga?

SWALI: Shikamoo Mzee. Agosti 2022 nilikuwa New York kwa kaka yangu, akanipeleka Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo, kutazama mchezo wa muziki wa The Phantom of the Opera. Tiketi tulizipata nusu bei kwenye kile kibanda chenye ngazi nyekundu pale Times Square, baada ya kupanga foleni saa nzima. Ukumbini sikuona kiti kitupu. Mwezi uliofuata wakatangaza kwamba wanafunga. Onyesho la miaka 35! Na onyesho jingine la hapo hapo, liitwalo Chicago, ambalo kaka anasema halina hata mapambo ya jukwaani, linaendelea mpaka leo. Nieleweshe.
Msomaji wako, Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu ulikuwa umelishika mkononi siku ile ile: tiketi ya nusu bei.

Miaka tisa nilishika kisanduku cha pesa cha kikundi kimoja cha taarabu hapa Tanga. Usiku niliouogopa si ule wa ukumbi mtupu. Huo tuliujua mapema, tukapunguza wapiga fidla wawili na mambo yakaenda. Niliuogopa ule wa ukumbi uliofurika: nusu wameingia kwa kadi za mwaliko, robo ni mashemeji wa waimbaji, na mwenye jenereta kasimama mlangoni anadai chake. Tangu hapo nikiambiwa "palijaa", nauliza kila kiti kililipa ngapi.

Tupige hesabu. Ukumbi wa Majestic, alikokuwa Phantom wako, una viti 1,600 na ushei. Broadway huchezwa mara nane kwa wiki, kwa hiyo una viti 12,800 vya kuuza. Ukichanganya waliolipa kamili na ninyi wa foleni ya nusu bei, tuseme kila kiti kimelipa dola 70. Umekusanya dola 896,000. Lakini kuliendesha onyesho lile kwa wiki moja kulishafika kama dola 950,000. Umejaza ukumbi mpaka mlangoni, na bado unadaiwa! Dola 70 ni za mfano wangu, ila mambo yenyewe hayakuwa mbali: kulikuwa na wiki, karibu na tangazo lile la Septemba, ambayo makusanyo hayakufika 900,000.

Pesa zilikuwa zinakwenda wapi? Onyesho lile lilizaliwa tarehe 26 Januari 1988, enzi ambazo ukubwa ndio ulikuwa fahari. Kulikuwa na wapiga ala 27, okestra kubwa kuliko zote pale Broadway wakati huo. Kulikuwa na mavazi ya kila aina na mafundi wa kuyashona upya, na ile taa kubwa ya vioo iliyoshuka kwa kishindo kila siku na ikabidi kila siku ipandishwe. Mwenye ukumbi alikuwa na kodi yake na asilimia yake juu ya kodi. Watunzi nao walikuwa na mrabaha. Mambo haya usingeweza kuyapunguza, maana mtu alisafiri kuja kuiona taa ikianguka. Halafu korona ikafunga kumbi zote kuanzia Machi 2020. Phantom alirudi Oktoba 2021, lakini watalii wa kutoka mbali, ambao ndio walikuwa riziki yake, hawakurudi kwa kasi ile ya zamani, na bei za kila kitu zilikuwa zimepanda.

Sikiliza kichekesho. Wangefunga tarehe 18 Februari 2023. Tangazo lilipotoka tu, watu wakamiminika kama ndugu ambao hawakumjulia hali mgonjwa lakini mazishini wanagombea kubeba jeneza. Ikabidi waongeze wiki nane, hadi 16 Aprili, na mwishoni wiki moja iliingiza zaidi ya dola milioni 3. Likazikwa likiwa limechezwa mara 13,981. Kwa nini wasiendelee basi? Kwa sababu ile ilikuwa pesa ya kuaga, na mtu haagi mara mbili.

Chicago linaishi kwa ubahili, nami nalipenda kwa hilo. Tangu lirudi Broadway tarehe 14 Novemba 1996, bendi inakaa jukwaani, kwa hiyo bendi yenyewe ndiyo pambo. Waigizaji wamevaa nguo nyeusi. Mauzo yakilegea, wanamleta mtu maarufu wa kwenye televisheni kwa wiki chache, kama walivyomleta Pamela Anderson mwaka 2022, na watu wanakuja kumwona yeye. Limeshapita mara 10,000.

The Lion King, la tangu 13 Novemba 1997, lina njia nyingine kabisa. Lenyewe ni ghali, vinyago na wanyama kila mahali, lakini baba haji peke yake: anakuja na mama na watoto watatu. Disney, wenye onyesho hilo, wana programu ya kompyuta inayopendekeza bei kwa kufuata msimu, siku na kiti, hivyo wiki ya Krismasi kiti kile kile si bei ya Septemba. (Simba na Rafiki, majina ya wahusika wake, ni maneno yetu, na mimi kwenye hesabu zile nimeambulia fahari tu.)

SWALI: Mzee, rafiki yangu hapa Minneapolis ananishawishi tuchangie mtaji wa mchezo mpya wa muziki. Anasema ukidumu miaka miwili au mitatu tumeshatajirika. Ni kweli?
Mama Zuhura, Minnesota

JIBU: Mama Zuhura, muulize rafiki yako kuhusu Spider-Man: Turn Off the Dark. Ulidumu tangu 2011 hadi Januari 2014, na zipo wiki ulizoingiza zaidi ya dola milioni 2. Mtaji ulikuwa dola milioni 75. Kuuendesha kulizidi dola milioni moja kwa wiki, kwa hiyo kilichobaki cha kurudisha mtaji kilikuwa makombo. Ulipofungwa, hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 60. Wicked ulianza mwaka 2003 kwa mtaji wa dola milioni 14, ukaurudisha wote kwa miezi 14 tu, na filamu yake ilipotoka mwishoni mwa 2024, wiki moja ya Desemba ukavuka milioni 5. Rafiki yako anautazama huo wa pili. Wenye biashara hiyo wenyewe husema ni mmoja tu kati ya mitano unaorudisha mtaji.

Broadway League, chama cha wenye kumbi na maonyesho ya huko, hutangaza kila wiki makusanyo ya kila onyesho, nami huyasoma kama wenzangu wasomavyo msimamo wa ligi. Lakini hayo ni makusanyo tu, matumizi hawayatangazi. Usikubali kuonyeshwa karatasi hiyo. Omba ile yenye gharama za wiki, idadi ya viti, orodha ya wanaolipwa kabla yako, na kile kifungu cha mkataba wa ukumbi kinachosema mapato yakishuka chini ya kiwango fulani wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaweza kuwatoa. Akikupa, nitumie nakala, tutaipigia hesabu hapa hapa toleo lijalo.