Kumtafuta mke wa mfumaji wa Ulster

Ndugu, umeuliza pa kuanzia kumtafuta mke wa mfumaji wa kitani wa kijijini Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, aliyezaa miaka ya 1830. Ikiwa walikuwa Wakatoliki, anza na rejista za ubatizo, kwa kuwa mara nyingi padri aliandika jina la ukoo wa mama, pamoja na wasimamizi, ambao aghalabu walikuwa jamaa. Serikali ilianza kusajili vifo mwaka 1864. Akiwa alikufa baadaye, huenda ukamkuta ameandikwa tu “mjane wa mfumaji”. Maneno hayo huniumiza, maana wake wengi kama yeye walisokota uzi tangu usichana, wakiulowesha kwa mate, ili kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kisikose kazi.