Mzee apelekwe gereji kwanza

Swali lenu la wiki ni hili: mtoto aliyejaliwa kipato amfufulie mzazi wake gari la zamani alilolipenda, au amnunulie jipya? Nisingeandika, lakini jibu la kwanza mlilolichapisha limenikera. Msomaji huyo anasema mzee hahitaji kumbukumbu, anahitaji kitu cha kumfikisha hospitali, na kwamba kufufua chuma kilichokwisha ni watoto kujionyesha kwa watu. Nakataa. Kwa baba yangu lile gari ndilo lililokuwa kazi yake na jina lake mjini.

Alikuwa dereva wa Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, kati ya Malindi na Mombasa. Wa umri wangu hawana haja ya kuelezwa. Abiria saba, mizigo juu, likijaa linaondoka. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 kulikuwa na feri, na feri ndiyo iliyompangia dereva siku yake. Ukiikosa moja, abiria wanashuka kununua korosho, na mwenye mgonjwa mahututi Mombasa anakutazama wewe kana kwamba maji ya hori ni yako. Mpaka leo wapo wazee sokoni wanaomwita baba kwa jina la gari.

Na gari lenyewe halikuwa la kubahatisha. Peugeot 404, iliyoitangulia 504, ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikachukua ushindi wa 1975 na tena wa 1978. Baba hana habari na vikombe. Yeye husema gari lile lilijua kumeza shimo, basi.

Lililomshinda ni hesabu. Matatu za abiria kumi na nne zilipojaa kwenye laini, mwenye viti saba hakuwa tena na nauli ya kushindana nazo. Akaliuza, na nyumbani halikutajwa tena.

Nililipata shambani upande wa Marafa, mbali na bahari, chini ya mkorosho, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Namba ilikuwa ile ya kizamani isiyo na herufi mwishoni, na nakala ya logbuku, ile hati ya umiliki, ilikuwa bado kwenye sanduku la baba la karatasi, kwa hivyo niliilinganisha namba ya chesisi kabla ya kutaja bei. Lilikuwa lile lile. Wa bara watashangaa nikisema kukaa kwake Marafa kulilisaidia, lakini lingebaki mjini upepo wa bahari ungelimaliza. Chumvi huanzia kusikoonekana: chini ya zulia, ndani ya milango, kwenye mikunjo juu ya tairi. Kwa hivyo anayetafuta gari huku pwani asitazame rangi. Achukue sumaku aipitishe kwenye bodi. Pale isiposhika, chini yake ni filla ya kuzibia, na chini ya filla aghalabu ni tundu.

Injini haikunitisha. Silinda za Peugeot hizo ni slivu zinazochomolewa, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Unanunua seti na pistoni zake, zinaingia, bila kupeleka bloku kuchongwa. Spea bado hupatikana Grogan, Nairobi, kwa sababu pikapu za 504 zilibaki kazini miaka mingi, na vifaa vingi vya mbele vinaingiliana. Kioo cha nyuma ndicho kilichonitoa jasho.

Nia yangu ilikuwa iwe siri mpaka Idi. Lakini Malindi ni ndogo. Ijumaa moja mwenye tuktuk aliyempakia baba kutoka msikitini alimwuliza kama ile Peugeot iliyoko gereji ndiyo yake ya zamani. Baba akamwambia ageuze.

Nilikuwepo. Fundi yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyo nje, na kijana wake anapiga msasa mlango. Baba akaingia na kanzu yake nyeupe, kofia na bakora.

“Asalaam aleikum.”

Fundi akajiburura nje. “Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Mimi hakunitazama. Wala hakuitazama rangi ya boneti, ambayo niliihangaikia kuliko kitu chochote. Alizunguka mpaka nyuma, akaegemeza goti kwenye bampa akalisukuma. Gari likashuka, likapanda, likashuka tena.

“Springi ngapi humu?”

“Mbili, mzee. Moja huku, moja huku.”

“Na nyengine zi wapi?”

Fundi akasema hakuna nyengine. Ni fundi mjuzi, tena mstahivu, ila Peugeot alizozizoea ni salun, zile fupi zenye buti. Baba akamjibu kwa upole, “Hiyo ni salun, mwanangu. Hili hubeba watu saba na magunia yao. Lina springi nne nyuma, mbili mbili.” Fundi akabisha, kwa adabu, lakini akabisha. Kijana akaacha msasa. Mwenye tuktuk naye akazima tuktuk yake akasogea.

Basi baba akavua kanzu. Akaikunja vizuri, akanipa niishike, akabaki na fulana na kikoi. Akaomba kipande cha boksi, akakitandika, akalala chini. Nikasema, “Baba, mgongo wako!” Sauti ikatoka chini ya gari: “Lete tochi.”

Tukamulika. Kila upande wa ekseli palikuwa na vikalio viwili vya springi. Kimoja kina springi, cha pili kimejaa udongo mkavu uliogandamana. Mtu fulani miaka ya nyuma alizitoa mbili asizirudishe, na aliyekuja baada yake akadhani ndivyo gari lilivyotoka kiwandani. Baba alikwangua udongo ule kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mpaka chuma kikaonekana pamoja na ukingo wake. “Njoo utazame,” akamwambia fundi. Fundi akalala kando yake. Walibaki chini pale mpaka adhana ya alasiri, na niliyoyasikia ni klachi, mpira wa propela shafti, na abiria mmoja wa Mtwapa ambaye siku zote alipanda na mbuzi.

Tangu siku hiyo baba alikwenda gereji kila alasiri. Alipewa kiti chake. Fundi alianza kumwuliza kabla ya kufungua kitu, na watu wenye magari mengine wakaanza kumwuliza yao. Mama alisema amerudi kula kama mtu aliyetoka kazini.

Lilipokamilika tulimkabidhi funguo mbele ya jamaa. Alishukuru, akatuombea dua, tukala biriani. Alifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini uso niliouona chini ya gari lile sikuuona siku ya funguo. Nadhani sababu yake ni hii: kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza baba jambo analolijua. Sisi watoto tunawauliza wazee wamekula nini, wamemeza dawa, wamelalaje. Gereji aliulizwa springi.

Ndiyo maana naona swali lenu limekaa vibaya kidogo. La zamani au jipya ni mambo ya mfuko. La kuulizwa ni kama mzazi atakuwepo likitengenezwa, au ataletewa limefungwa utepe. Zawadi ya siri inamnyang'anya mzee ile sehemu ambayo ni yeye peke yake anayeiweza.

Na kwa kuwa nimeanza kwa ukali, niseme pia yaliyo kweli upande wa pili. Usukani ni mzito na klachi ni nzito. Hakuna kiyoyozi, na Malindi mnaijua mwezi wa Februari. Baba hulipeleka mpaka Mambrui asubuhi, hurudi, basi. Siku za kliniki mama huita tuktuk, na hataki kusikia habari ya Peugeot. Msomaji wenu alisema mzee anahitaji kufika hospitali. Kwa hilo yuko sawa, na gari letu halijatusaidia.

Kwa hivyo mkinilazimisha kupiga kura kati ya hayo mawili, kwa wengi wenu nitasema nunueni dogo la otomatiki, hata kama ni kuukuu, hasa mzazi akiwa na magoti mabovu au dawa za kila mwezi. Zile pesa zilizobaki mtafutieni mzee mahali ambapo ujuzi wake unaulizwa: jahazini kama alikuwa nahodha, jikoni kwenye harusi kama mama alikuwa mpishi wa watu. Hilo halihitaji gari lolote.

Isipokuwa kama mmelipata lile lile, si mfano wake. Sakafu haijaliwa, logbuku ipo, na mzee bado anaweza kukaa gereji jua likiwa limepoa. Hapo mimi ningelifufua tena, na ningempeleka siku ya kwanza kabla fundi hajafungua nati hata moja. Tengeni pesa mara mbili ya mtakazotajiwa, kwa sababu kutu huonekana bodi ikishafunguliwa, na wakati huo gari huwa haliwezi tena kurudi shambani.

Msomaji, Malindi