Maswali Yenu: Ugwe wa Mgongo Ukiwa na Makovu

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na magharibi, na nyingi zinauliza kuhusu maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi wenu mmeuandika kwa herufi mbili tu: MS. Tumechagua zile zinazogusa ugwe wa mgongo, kwa kuwa ndizo zilizouliza mambo ya kila siku: miguu, joto, mkojo, choo. Vipimo vya dawa tulivyotaja ni vya kukusaidia kuzungumza na daktari wako, si vya kujitibia.

Ripoti ya MRI inasema nina kovu shingoni na jingine chini ya mabega. Nikiinama kusahihisha madaftari, shoti kama ya stima inashuka hadi kwenye nyayo. Je, mfupa umevunjika? Jirani anataka kunipeleka kwa mtu anayenyoosha shingo.
*Mwalimu, Njoro*

Mwalimu, kwa huyo mnyoosha shingo usiende. Lugha yetu inatuchanganya hapa: tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha mifupa, na mara nyingine tukimaanisha kilichomo ndani yake. Kovu linalotajwa kwenye ripoti yako liko kwenye ugwe, ile kamba laini yenye unene wa kidole cha mwisho inayopita katikati ya pingili na kubeba ujumbe kati ya ubongo na mwili. Neva zake zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, kama waya ulivyovikwa plastiki. Kwenye MS, kinga ya mwili huishambulia ala hiyo. Palipochubuka hubaki kovu, na ujumbe ukifika hapo hupunguza mwendo au hukatika. Hakuna cha kunyoosha wala cha kupasua.

Shoti hiyo huitwa ishara ya Lhermitte, kwa jina la daktari Mfaransa. Ukiinamisha kichwa ugwe huvutika, na neva zilizovuliwa ala hurusha umeme ovyo. Inatisha kuliko inavyodhuru. Weka madaftari juu ya ubao uliolala mshazari, yafike usawa wa kidevu, ili macho yashuke badala ya shingo. Mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa. Isipopungua, kuna dawa za neva kama gabapentini. Ila diski ya shingo, ule mto ulio kati ya pingili, ikiubana ugwe nayo huleta shoti ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo muulize daktari kama diski nazo zilikaguliwa kwenye picha yako.

Mahali pa kovu pana maana. La shingoni laweza kugusa mikono na miguu. La chini ya mabega huiacha mikono, likagusa miguu, kibofu, na wakati mwingine likaleta mbano kuzunguka kifua kana kwamba umefungwa leso kwa nguvu. Tazama na urefu wake kwenye ripoti. Makovu ya MS kwa kawaida ni mafupi, hayafiki pingili mbili. Kovu lenye urefu wa pingili tatu au zaidi linadai kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini-4, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine, nyuromayelaitisi optika, unaofanana na MS lakini huzidishwa na baadhi ya dawa za MS.

Hakikisha pia umepimwa vitamini B12, virusi vya Ukimwi na kaswende, na kwamba kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kimeondolewa shaka. Msomaji anayevua au kufua ziwani apimwe na kichocho: mayai ya minyoo hiyo yanaweza kukwama sehemu ya chini ya ugwe na kupooza miguu, na hilo lina dawa. Huku kwetu magonjwa haya ni mengi kuliko MS, na karibu yote yakikamatwa mapema hutibika.

Asubuhi natembea vizuri hadi Kibuye kuuza mitumba. Ikifika saa nane mchana miguu inakuwa kama ya mtu mwingine na macho yanafifia. Jioni narudi sawa. Nyumbani wanasema naigiza.
*Mama, Manyatta, Kisumu*

Mama, huigizi. Neva iliyovuliwa ala hupitisha ujumbe kwa taabu hata siku njema. Joto la mwili likipanda nusu digrii tu, ujumbe hukatika. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika jambo hili mwaka 1890 baada ya kuona wagonjwa wakififia macho wanapojichosha. Mwili ukipoa, ujumbe hurudi. Hakuna kovu jipya lililoongezeka, na waambie hivyo walio nyumbani.

Kazi za miguu, yaani kubeba marobota na kupanga nguo, zimalize kabla ya saa nne asubuhi. Mchana uza ukiwa umeketi. Kibanda cha mabati matupu ni tanuri: tandika mkeka wa mafunjo chini ya bati, uache nafasi ya kiganja hewa ipite. Maji baridi sana, nusu lita ukiyanywa taratibu, hupoza kutoka ndani. Leso iliyolowa shingoni husaidia, lakini hewa ya ziwa ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi, kwa hiyo jipepee au uibadilishe kila inapopata joto. Barafu usiiweke moja kwa moja penye ganzi. Itakuunguza bila wewe kujua.

Homa hufanya yale yale yanayofanywa na jua. Miguu ikilegea ghafla na mwili una joto, pima malaria na mkojo kwanza. Shambulio jipya la MS ni jingine: dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hapo ndipo daktari hufikiria dripu ya methilipredinisoloni, kwa kawaida gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5. Dawa hiyo huharakisha nafuu lakini haibadilishi utakapofikia mwishowe, na hupandisha sukari na kufukuza usingizi. Kosa tunaloliogopa ni mtu kutundikiwa dripu hiyo huku ana maambukizi ambayo hayajatibiwa. Kinga inashushwa, na maambukizi yanashika kasi.

Mume wangu alikuwa akikimbilia choo kila nusu saa, mkojo matone tu, kisha anajikojolea njiani. Ameacha kunywa maji. Kliniki walimpa dawa ya kutuliza kibofu. Tangu jana hakojoi kabisa na tumbo limevimba chini ya kitovu.
*Mke, Kakamega*

Dada, ukisoma haya na bado hajakojoa, funga gazeti umpeleke hospitali sasa hivi. Kibofu kilichojaa hivyo hufunguliwa kwa mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na kikiachwa huweza kuharibu figo.

Kilichotokea ni hiki. Kibofu na mlango wake hupokea amri kupitia ugwe: mmoja akaze, mwingine afungue. Kovu likikatiza amri, vyote viwili hukaza pamoja. Mkojo hutoka matone na mwingi hubaki, na kwa kuwa kibofu hakijamwagika, baada ya nusu saa kinadai tena. Kwa nje inaonekana ni kibofu chenye haraka tu. Oksibutinini na ndugu zake hukituliza kibofu, lakini kwa mtu ambaye mkojo unabaki humfunga kabisa. Ndiyo maana kabla ya dawa hizo mtu akojoe, kisha apimwe mara moja kiasi kilichobaki. Skani ile ile inayotumika kliniki ya wajawazito inatosha. Kikizidi mililita 100, njia ni kumwaga mkojo kwa mpira mwembamba, katheta, kisha kuutoa papo hapo. Si ule wa kukaa ndani na mfuko.

Muuguzi atamfundisha, na mara ya kwanza afanye mbele yake. Mwanamume mzima mara nyingi hutumia mpira wa namba 12 au 14. Anawe mikono na kichwa cha uume kwa sabuni na maji, apake mpira jeli ya hospitali inayoyeyuka kwa maji. Vaselini hapana, na mafuta ya kupikia hapana: hayayeyuki na huziba vitundu vya mpira. Auinue uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, asukume polepole, takriban sentimita 20. Kabla ya kibofu kuna mahali mpira hugoma. Ni ule mlango umebana. Asilazimishe. Asimame hapo, avute pumzi ndefu, akohoe kidogo, utafunguka. Mkojo ukianza, asukume sentimita mbili au tatu zaidi, aache utoke wote, kisha autoe mpira taratibu akitua kila mkojo unapotiririka tena. Wengi huharakisha hapa na kuacha mabaki chini. Kwa siku ni mara 4 hadi 6, na kila mara usizidi mililita 400 au 500. Upimeni kwa jagi, mwandike kwenye daftari. Ukizidi, ongezeni safari. Mpira umetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Anayelazimika kuurudia apange na muuguzi jinsi ya kuusafisha, asibuni.

Na maji arudie kunywa, lita moja na nusu hadi mbili, apunguze saa mbili kabla ya kulala. Mkojo mzito huchokoza kibofu na kualika vijidudu. Chai kali ni mchokozi pia, tunajua haipendezi kusikia. Kumbukeni kwamba kovu linaweza kumficha ule mchomo wa kukojoa, hivyo maambukizi huonekana kwa njia nyingine: harufu, mkojo wenye ukungu, homa, au miguu kukakamaa ghafla. Mkojo upimwe kabla ya antibiotiki. Vijidudu vikionekana bila dalili yoyote kwa anayetumia mpira, kwa kawaida havitibiwi. Vikipigwa ovyo, hurudi vikiwa sugu.

Choo kikubwa hakikupata nafasi kwenye barua yako, lakini tunadhani kimo, kwa sababu matumbo yaliyojaa hukibana kibofu. Baada ya uji wa asubuhi utumbo huamka. Aende baada ya dakika 20 au 30 kila siku, haja iwepo isiwepo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa humshinda mwenye miguu migumu. Fundi atoboe tundu kwenye kiti imara cha mbao, akiweke juu ya shimo, na apigilie ubao wa kushikia ukutani.

Baklofeni ya kaka yangu iliisha siku tatu zilizopita. Sasa miguu inaruka yenyewe na jana aliona watu wasiokuwapo.
*Dada yake, Bungoma*

Mpelekeni leo. Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, haikatwi ghafla: misuli hurudi kukaza maradufu, na degedege na maruweruwe vinaweza kufuata. Msimrudishie dozi yake yote kwa kukisia, daktari ataipanga. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 5 mara tatu kwa siku na kupandishwa kidogo kidogo baada ya siku chache. Na msikimbilie kuipandisha hadi miguu ilainike kabisa, maana kwa wengi ule ugumu ndio unaowasimamisha. Akizidi kukakamaa wakati dawa ipo, tafuteni mchokozi: kibofu, choo kigumu, kidonda, kucha iliyoingia nyamani, kiatu kinachobana. Vidonge vya wiki moja viwe akiba isiyoguswa.

Niliungua mguu kwa ekzosi ya boda boda, nikagundua usiku nikivua soksi. Na stima ikipotea naanguka.
*Msichana, Nakuru*

Yote mawili ni hisia za mguu zisizofika kwenye ubongo. Sehemu ya nyuma ya ugwe hueleza ubongo mguu uko wapi. Ikiumia, macho hushika kazi hiyo, na giza likiingia hakuna wa kuifanya. Taa ya sola iwe mkono unapofika kitandani. Uso unawe umeketi, kwa sababu ukifumba macho kwa sabuni ni giza vilevile. Vaa viatu vya kamba au mkanda nyuma. Patipati hutoka mguuni usijue. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia: panda kutoka kushoto, na suruali ndefu. Kuungua kumwagiwe maji baridi yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno ibaki mswakini. Nakuru usiku ni baridi, tunajua. Vaa soksi mbili, chupa ya maji ya moto isikaribie miguu. Kila usiku kagua nyayo na makalio kwa kioo. Wekundu usioondoka nusu saa baada ya kuinuka ni mwanzo wa kidonda, na hapo pasikaliwe tena hadi pafifie.

Daktari amependekeza rituksimabu. Ni dawa ya saratani, mbona mimi?
*Msomaji, Kitale*

Huondoa seli B, askari wa kinga wanaohusika katika kuishambulia ala. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Haifuti makovu ya zamani. Huzuia mapya, kwa hiyo usiihukumu kwa miguu ya wiki ijayo. Hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila miezi sita, na ile ya kwanza huchukua saa kadhaa kwa sababu ikiharakishwa huleta baridi, vipele na presha kushuka. Kabla yake pimwa homa ya ini ya B, ambayo dawa hii inaweza kuiamsha, pamoja na kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Chanjo unazozihitaji zimalizwe angalau wiki nne kabla. Chanjo hai, zenye kijidudu kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano hazipewi ukiwa kwenye dawa hii.

Ukiinunua Eldoret au Nairobi na kuibeba kwa matatu, inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Beba kikasha cha baridi chenye vifurushi vya barafu, uvifunge kwa taulo visiguse chupa: ikiganda imeharibika sawa na iliyopata joto. Kikasha kisiwekwe juu ya keria wala karibu na injini, na usikitikise.