Swali la lugha: ute wa yai unakunjwaje?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Tabata anayetafsiri kijitabu cha mapishi ya keki kwa ajili ya kinamama wenzake wa kikoba. Anaandika: "Mwalimu, hili neno fold limenitesa. Kamusi imenipa kunja, nikaandika 'kunja ute wa mayai kwenye unga', wenzangu wakacheka, mmoja akaniuliza na pasi tuupige? Mbele huyo mpishi aliyekiandika anasema wateja wake waliongezeka threefold, alafu mwishoni biashara ika-fold. Na kuna karatasi ya kwenye trei nayo ana-fold pembe zake. Zote ni kunja?"

Pole dada, lakini na mimi nimecheka. Kunja yetu inataka kitu chenye umbo lake, ukishakikunja unaona pale kilipojipinda, iwe shuka, goti au waya. Ute hauna pa kujipinda. Huyo mpishi anaongelea namna ya kuchanganya: ute ushaupiga mpaka umekuwa povu zito, sasa ukiuingiza kwenye unga ukaanza kupiga tena ile hewa yote inatoka na keki inakuja kuwa tofali, kwaiyo unapitisha mwiko chini kabisa ya bakuli, unaupandisha unga juu ya povu, unazungusha bakuli kidogo, unarudia, bila papara. Andika hivohivo: "changanya taratibu kwa kupindua toka chini kuja juu, usipige." Ndio, neno moja limekuwa sentensi nzima, ila mtu wa kikoba atajua mkono wake ufanye nini.

Hiyo threefold ni mara tatu, haina kona kona. Ila angalia, usiseme "waliongezeka mara tatu" manake msomaji anaweza kudhani waliongezeka kwa awamu tatu, sema "wakawa mara tatu ya walivyokuwa mwanzo". Ingekuwa mara mbili ningekwambia andika maradufu, neno tamu hilo na watu wanaanza kulisahau.

Biashara sasa. Ukiandika "biashara yake ikakunja", kijana wa Kariakoo atakuuliza ilikunja shingapi! Hapa mjini kukunja ni kuingiza hela, jamaa anakunja mpunga, fulani kakunja milioni mbili kwa siku moja, yaani kinyume kabisa cha kilichomkuta huyo mama wa watu. Sema ilikufa, ilifungwa, au ilifunga virago. Ukitaka kunja kwa nguvu basi mpe jamvi, "ilikunja jamvi", hapo kila mtu anakuelewa kwamba shughuli imeisha.

Na siku ukikutana na fold ya kondoo usihangaike nayo, lile ni neno lingine kabisa, kwenye Kiingereza cha kale yalikuwa mawili tofauti yakaja kufanana sauti tu. Sisi tuna zizi, na hata Yohana 10:16 kwenye Biblia ya Kiswahili ni zizi.

Kinachonifurahisha mimi ni upande wa pili, manake watu wanadhani Kiingereza ndo kina maneno yenye watoto wengi. Jaribu kuirudisha kunja kwao uone. Mkeka tunakunja, wao hawaufold, wana neno lao la kuviringisha. Samaki mkunje angali mbichi, hapo wana lingine la kupinda. Kunja ngumi lingine, kunja uso lingine, na yule aliyekaa kakunja nne kwenye kochi la watu lingine tena. Wakikunjana mashati kituo cha daladala ndo kabisaa, inabidi waeleze. Alafu tunaongeza -ua mwishoni, kama funga na fungua, ziba na zibua, tunapata kunjua, na humo anatoka mtu mkunjufu, yule ambaye moyo wake hauna mikunjo ya kuficha kitu. Kilatini kina akili hiyohiyo kidogo, na Kiingereza kimeazima huko: complicated, yaani kitu kigumu kueleweka, ukilifuata mpaka kwenye mzizi ni kitu kilichokunjwa pamoja, na explicit, yaani kilicho wazi, ni kilichokunjuliwa.

Ukitaka kuona fold na kunja zinakaa pamoja bila ugomvi, simama jioni kwa mama anayekunja sambusa. Anachukua manda moja, anaileta pembe hii juu ya ile, tayari kishakuwa kijimfuko, anatia nyama kijiko, anapiga mkunjo wa pili, wa tatu, ile ncha iliyobaki anaipaka uji wa ngano na kuibandika. Mkono hauangaliwi, macho yako kwa mteja anayedai chenji. Kile anachofanya Mwingereza atakiita fold na wewe utakiita kunja na wote mko sahihi, kwa sababu manda ina pembe.

Kwaiyo ile karatasi ya kwenye trei, dada, hiyo iache kama ulivyoandika: "kunja pembe zake." Ina pembe, inakunjika, hakuna wa kukucheka.