"Nadir" ya Kiingereza si nadra yetu

Swali: Ninatafsiri habari za michezo kutoka Kiingereza. Nilikuta sentensi inayosema timu imefika kwenye "nadir" yake. Nikadhani ni nadra yetu, nikaandika "wakati wa nadra". Mhariri akaikataa. Neno hili lina maana gani, na limetoka wapi?

Jibu: Mhariri hakukosea, lakini nawe umesikia vizuri: ni neno la Kiarabu kweli. Tatizo ni shina. Nadra yetu inatokana na shina la uchache. "Nadir" inatokana na shina jingine, lile lililotupa mandhari na nadharia, na kwa Kiarabu ni kitu kinachokabili kingine.

Wanafalaki walioandika kwa Kiarabu waliita nukta ya mbingu iliyo juu ya utosi wako samt ar-ra's, "njia ya kichwa". Hiyo ra's ndiyo rasi yetu, kama ya Tumaini Jema. Nukta inayoikabili, chini ya nyayo zako hadi mbingu za upande wa pili wa dunia, ndiyo "nadir". Ukihama, zote mbili huhama nawe.

Samt nayo ikawa "zenith" ya Kiingereza kwa kosa la macho ninalolipenda sana. Katika Kilatini iliandikwa cemt. Lakini m ya mkono wa zama zile ilikuwa vistari vitatu vilivyosimama, sawasawa na n na i zikiwa pamoja. Wanakili wakasoma cenit, na kosa likadumu. Chaucer, mshairi wa Kiingereza, aliyatumia maneno yote mawili katika maelezo yake ya astrolabu, chombo cha kale cha kupimia nyota, mnamo 1391.

Baadaye Kiingereza cha kila siku kikaipa "zenith" maana ya kilele na "nadir" maana ya chini kabisa. Hapo kiliachana kidogo na falaki. Mwingereza huweza kusema jua la adhuhuri liko "zenith", ilhali London jua halifiki utosini hata siku moja. Dar es Salaam hufika mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba.

Kwa sentensi yako, "timu imefanya vibaya" haitoshi, maana mwandishi anadai haijawahi kushuka hivyo. Mimi ningeandika: "Timu imeporomoka kuliko wakati wowote katika historia yake."