Imla ya Jumamosi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: wazazi mlioko ughaibuni, majira haya ya kuchipua kuna habari gani shuleni kwa watoto wenu, na ipi usingependa mzazi mwenzako aikose?

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Naishi viungani mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, huu mwaka wa kumi na mbili, na kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Binti yangu yuko darasa la 11 katika shule ya sekondari ya serikali. Habari za shule msimu huu hazihesabiki, maana huku kila jambo hungoja theluji iyeyuke. Mwezi Machi wanariadha walikuwa bado wanafanya mazoezi ndani ya ukumbi kwa sababu uwanja ulikuwa umefunikwa. Wiki mbili za kwanza za Mei ni mitihani ya AP, ile ambayo mtoto akipata alama nzuri chuo kinaweza kumhesabia somo. Darasa la 12 wako katika hekaheka za kuchagua vyuo, magauni ya dansi ya kuagana yananunuliwa, na tarehe ya mahafali imebandikwa kwenye kila mlango. Yote hayo mtoto atakuletea mwenyewe nyumbani bila kumwuliza.

Habari ninayotaka mzazi mwenzangu asiikose ni ile ambayo mtoto hataileta, kwa sababu yeye mwenyewe haoni kuwa inamhusu. Ni Muhuri wa Lugha Mbili, ambao kwa Kiingereza huitwa Seal of Biliteracy.

Mpango huu ulianzia California, ambako sheria yake ilipitishwa mwaka 2011, na leo umeenea majimbo yote ya Marekani. Mwanafunzi anayeonyesha kwa mtihani kwamba anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza, anapewa muhuri kwenye hati zake za masomo. Minnesota iliuweka katika sheria mwaka 2014, ikaugawa ngazi mbili, Dhahabu na Platini, na chini yake kuna cheti. Kilichonifanya nikae kitako ni kwamba huku muhuri si pambo. Vyuo vya mfumo wa Minnesota State, ambavyo ni vyuo vikuu 7 pamoja na vile vya miaka miwili, vinauhesabu kama masomo ya lugha yaliyokwisha kusomwa: Dhahabu ni mihula mitatu, Platini ni minne. Mwanafunzi anatakiwa kuomba hesabu hiyo ndani ya miaka mitatu tangu amalize sekondari. Mzazi anayelipa ada ya chuo anajua mihula mitatu ya somo ni pesa kiasi gani.

Nami nilikaribia kuikosa. Barua pepe ilikuja binti akiwa darasa la 9, ikaja tena alipokuwa la 10. Ilikuwa ndefu, imejaa majina ya mitihani nisiyoyajua, na mimi nimetoka zamu saa moja asubuhi. Nilimwuliza, "Hii inasemaje?" Akanijibu, "Ni ya watoto wa Kihispania, Mama." Nikaifuta. Hakunidanganya. Mabango yote shuleni yalikuwa ya Kihispania na Kifaransa, na fomu ya mtihani ilikuwa na orodha ya lugha isiyo na Kiswahili. Mwaka huu, mwezi Februari, mama mmoja wa Kisomali ninayefanya naye kazi aliniambia mwanawe amepata muhuri kwa Kisomali. Siku ya pili yake nilikwenda shuleni na sare yangu ya kazini, sikungoja miadi. Mwalimu wa Kihispania ndiye anayesimamia mambo hayo. Alitafuta, akakuta mtihani wa Kiswahili upo, akamwandikisha binti kwa mwisho wa Aprili. Shughuli yote haikuchukua nusu saa. Watoto wangapi wa Kiswahili wamemaliza pale bila nusu saa hiyo?

Nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa matumaini, nikampa binti jaribio: kusoma, kusikiliza, kuzungumza, kuandika, kwa sababu muhuri unadai yote manne. Kusoma alisoma vizuri, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kusikiliza pia, ananisikia tangu azaliwe. Nilipomwambia anieleze safari yetu ya Muheza alipokuwa na miaka tisa, akanyamaza. Akasema, "Tulienda. Ilikuwa joto. Bibi alipika." Akahamia Kiingereza, na kwa Kiingereza akasimulia kwa dakika kumi: mbuzi aliyekula kitenge, mti wa mchungwa aliopanda akashindwa kushuka, taa ya chemli usiku umeme ulipokatika. Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo. Yamekaa kichwani mwake miaka saba kwa lugha ambayo bibi yake haielewi.

Usiku ule kazini niliwaza sana. Nilijaribu kuhesabu ni maneno gani ya Kiswahili ninayomwambia mwanangu kwa siku. Amka. Oga. Umekula? Vaa koti. Zima simu. Usichelewe. Naye anajibu: ndiyo, bado, nakuja, nimeshakula. Tunalalamika kwenye harusi na misiba yetu kwamba watoto wamekitupa Kiswahili. Mimi nasema hatukuwapa kitu cha kutupa. Tuliwapa amri. Hadithi, mzaha, ushauri, ugomvi wa maana, hayo tunayafanya na watu wazima wenzetu kwenye simu, mtoto akiwa chumbani. Na mtihani huu unapima hasa hilo. Ngazi ya kati inaridhika ukiunda sentensi zako mwenyewe. Ngazi ya juu inataka usimulie na kueleza kwa aya nzima, yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Mtoto aliyelelewa kwa amri hawezi kufika huko, hata kama lafudhi yake ni ya Tanga tupu.

Nikampigia mama yangu.

Mama yangu ni mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wasomao hapa huenda hawajui uzito wa neno hilo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua watoto wote wa Tanzania waingie shule ya msingi kufikia 1977, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Mama alikuwa na miaka 18 aliposimama mbele ya darasa la kwanza, watoto wengine wamemfikia mabegani. Alifundisha hadi alipostaafu. Katika maisha yangu yote nimesikia "mwalimu wa UPE" ikitamkwa kama tusi, hata na watu waliojifunzia kusoma mikononi mwao. Mama alikuwa anasikia. Hakuwahi kujibu.

Nilipomweleza, hakuniuliza muhuri ni kitu gani. Aliuliza mtoto ana daftari la mistari au la miraba.

Wakaanza Jumamosi, saa tatu asubuhi kwetu, saa kumi na mbili jioni Muheza. Saa za huku ziliposogezwa mbele mwezi Machi ikawa saa kumi na moja kwake. Nusu saa ya kwanza ilikuwa imla. Bibi anasoma sentensi mara mbili, mjukuu anaandika, kisha anapiga picha ukurasa na kuutuma. Picha ya kwanza iliporudi imechorwa wino mwekundu (alikuwa amemtuma kijana wa jirani aichapishe dukani, akaisahihisha kwa kalamu, akaipiga picha tena), binti yangu aliiangalia muda mrefu. Alikuwa ameandika "thahabu", "thambi", "tharau". Kwa mtoto aliyesomeshwa herufi kwa Kiingereza hilo si uzembe, sauti ile huku inaandikwa hivyo. Alikuwa ameandika "ngombe" bila king'ong'o chake. Na ngeli! "Kitabu yangu", "mkono yake", "mti kubwa". Nyumbani tulikuwa tunacheka tu. Bibi hakucheka. Alimpanga mstari kwa mstari: kitabu changu, vitabu vyangu, mkono wake, mikono yake, mti mkubwa, miti mikubwa. Alimwambia aimbe akiosha vyombo. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta jikoni anaimba, kidato cha nne mzima kwa hesabu za kwetu, kama tulivyoimba sisi kwenye madawati ya watu wanne.

Kisha masika yakaanza Muheza. Huku barafu inapasuka kwenye maziwa, kule mvua inapiga bati mpaka mtu aliye chumba kimoja nawe humsikii. Jumamosi mbili mfululizo simu ilikuwa ngurumo tupu. Nilidhani mafunzo yamekwisha. Bibi akatuma ujumbe: "Niandikie. Nami nitakuandikia." Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli, kwa sababu kwenye kuandika ndiko binti alikokuwa nyuma zaidi. Walikuwa wakiandikiana kila siku, binti akiwa kwenye basi la shule, bibi akiwa barazani. Mwanzo ilikuwa mistari miwili. Mwisho wa Machi nilionyeshwa ujumbe uliojaza kioo cha simu. Alikuwa anamweleza bibi yake kwamba rafiki yake amekatwa kwenye timu ya riadha, na yeye hajui amwambie nini. Bibi akajibu kwa aya nzima kuhusu rafiki yake wa 1977, aliyeshindwa mtihani wa ualimu, na jinsi alivyokosea kumfariji. "Ningejua," aliandika, "ningekaa naye kimya." Binti alinijia na simu mkononi. "Mama, hii ningejua-ningekaa, ndivyo inavyokwenda? Nge mbili?" Nikamwambia ndiyo, nge mbili. Alikwenda akamwandikia yule rafiki yake kwa Kiingereza maneno aliyoyapata kwa bibi.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wazazi nikiambiwa kwa upole kwamba nyumbani tuongee Kiingereza zaidi ili mtoto asibaki nyuma. Nilikubali kwa miaka, kwa heshima ya watu wenye shahada. Sikubali tena.

Mtihani aliufanya mwishoni mwa Aprili, kwenye maktaba ya shule, peke yake na kompyuta na vipokea sauti. Matokeo yakaja katikati ya Mei. Kusoma, kusikiliza na kuzungumza alifika kiwango cha Platini. Kuandika alikosa ngazi moja. Muhuri hutolewa kwa kuangalia stadi zote nne, kwa hiyo amepata Dhahabu. Neno lile lile aliloanza kwa kuliandika kwa th. Nililia kwenye maegesho ya magari kazini, na wenzangu wakadhani nimefiwa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usingoje barua pepe. Kama upo Marekani, nenda shuleni, omba kuonana na kaunsela au mwalimu wa lugha za kigeni, na taja muhuri huu kwa jina la jimbo lako, kwa sababu masharti na faida zake hutofautiana jimbo na jimbo. Kama Kiswahili hakimo kwenye orodha yao, waombe watafute, usikubali "hatuna" ya kwanza. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani, na asiwe mwanao. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mzazi asiyeelewa anachoambiwa kuhusu mtoto wake amefungiwa mlango. Fanya hivyo mtoto akiwa darasa la 9 au la 10, apate muda wa kurudia. Kwetu Minnesota ulizia pia PSEO, sheria ya tangu 1985 inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipia ada wala vitabu. Hiyo nayo nilifuta barua pepe zake.

Jirani yangu mama wa Uvira aliniuliza kama Kiswahili chao cha Kongo kitakubaliwa. Nilimwambia twende wote tukaulize, na tulikwenda. Mwanawe ameandikishwa kwa mwakani. Tayari ameanza kuja sebuleni kwangu Jumamosi na daftari lake.

Nilipompigia mama kumpa matokeo, nilimweleza mihula mitatu ya chuo, hati, muhuri wenyewe, kwamba ni kazi ya mikono yake. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Kuandika amekosa ngazi moja?" Nikasema ndiyo, Mama. "Na anaruhusiwa kurudia?" Anaruhusiwa, bado ana mwaka mzima. Nikasikia anafungua droo, anatafuta kitu.

"Mwambie Jumamosi saa kumi na moja. Na huyo mtoto wa Uvira naye awepo, nimemwandalia imla yake."