Swali la lugha: Nani kawapa jina la wazalendo?

Msomaji wa Tanga anauliza: "Nilisikia redio mbili zikitangaza matokeo ya uchaguzi wa Ujerumani. Moja ilikiita AfD 'chama cha kizalendo', nyingine ikakiita 'chama cha siasa kali za mrengo wa kulia'. Kesho yake gazeti likaandika 'chama cha mrengo wa kulia', basi. Chama ni kimoja. Jina sahihi ni lipi, na huo mrengo umetoka wapi?"

Nianze na mrengo, maana hauna ugomvi. Mrengo, au mrengu kama wengine wanavyotamka, ni neno la wavuvi: ni ule mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke. Siasa imeliazima. Kulia na kushoto vilianzia Ufaransa mwaka 1789, bungeni, pale waliotaka mfalme awe na kura ya turufu walipokaa mkono wa kulia wa mwenyekiti na waliokataa wakakaa kushoto.

Kwa hiyo gazeti limepunja. Mrengo wa kulia bila nyongeza ni mahali pa wahafidhina wa kawaida, kama CDU, chama cha Merkel. Ukikiita AfD hivyo hivyo umewakalisha kwenye benchi moja watu ambao ugomvi wao ndio habari yenyewe.

Lakini redio ya kwanza ndiyo inayostahili kukemewa, na kosa lake silisikii mara moja kwa mwaka. Kila uchaguzi unapopita Ulaya, nasikia "wazalendo wa Austria", "chama cha kizalendo cha Ufaransa", "wazalendo wa Uholanzi". Hapana. Hiyo si tafsiri, ni zawadi.

Chanzo cha kosa kinajulikana. Vitabu vyetu vya historia viliita TANU na KANU vyama vya kizalendo, na kamusi zikafuata: anayepigania taifa lake ni mzalendo. Mtafsiri wa habari anakutana na neno la Kizungu lenye "taifa" ndani yake, anafungua kamusi, anapata mzalendo, anaingia hewani. Hajauliza taifa gani, linapiganiwa dhidi ya nani.

Neno lenyewe lina shina la "zaa". Maana yake ya kwanza ni mzaliwa wa mahali. Ya pili, iliyokuja kuifunika ya kwanza, ni mtu anayeipenda nchi yake hata kuifia. Kwa Kiswahili cha leo ni sifa tupu. Hakuna anayeambiwa mzalendo akakasirika. Na hizi maana mbili ziliwahi kugombana waziwazi nyumbani kwetu: Oktoba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere aliwakatalia bungeni, akasema uraia ufungwe kwenye utii kwa nchi, usifungwe kwenye rangi, na akawa tayari serikali yake iondoke madarakani kwa ajili ya jambo hilo. Maana ya pili ikaishinda ya kwanza. Mtangazaji anayemwita mzalendo mtu wa Ulaya anayetaka nchi iwe ya wazawa wa damu anaupindua ushindi ule kwa neno moja.

Tazama mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa maneno yake, yakisomwa kavu, hayana doa. Mei 2021, mjini Merseburg, Björn Höcke, kiongozi wa AfD wa jimbo la Thüringen, alifunga hotuba yake kwa kusema "Alles für Deutschland". Kwa Kiswahili: yote kwa ajili ya Ujerumani. Mpe mtangazaji wetu sentensi hiyo atakwambia huyu ni mzalendo wa kupigiwa mfano. Lakini maneno hayo yalikuwa kaulimbiu ya SA, jeshi la mitaani la Hitler, na yalichongwa kwenye bapa la majambia yao. Sheria ya Ujerumani inakataza kaulimbiu za makundi yale. Höcke alijitetea kwamba hakujua asili yake. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa historia. Mei 2024 mahakama ya Halle ikamtoza faini ya euro 13,000, yaani siku 100 kwa euro 130 kila siku.

Haikuishia hapo. Desemba 2023, kesi ya kwanza ikiwa bado inamsubiri, alisimama mbele ya wafuasi wake mjini Gera, akasema "Alles für", akanyamaza. Ukumbi ukamalizia: "Deutschland!" Kaulimbiu ikasemwa, na neno la mwisho halikutoka kinywani mwake. Julai 2024 mahakama ileile ikamtoza euro 16,900 nyingine, kwa kuwa majaji walihesabu pia kile kimya. Miezi miwili baadaye chama chake kiliongoza uchaguzi wa Thüringen kwa asilimia 32.8.

Mfasiri ajifunze kutoka kwa majaji hao. Neno hubeba historia ya waliolitumia, na anayetafsiri sauti tu bila historia anakuwa ukumbi wa Gera: anamalizia sentensi ya mwenzake.

Wenyewe wanalitaka jina hilo, na wanalitafuta kwa bidii. Oktoba 2014 maandamano ya kila Jumatatu yaliyoanza Dresden dhidi ya Uislamu yalijiita ya "Waulaya wazalendo". Julai 2024 vyama vya Orbán wa Hungaria, Le Pen wa Ufaransa, Wilders wa Uholanzi na wenzao waliunda kundi la wabunge 84 katika Bunge la Ulaya lenye viti 720, likawa la tatu kwa ukubwa. Walilipa jina gani? Wazalendo wa Ulaya. Jina jema hung'ara gizani, ndiyo maana wanaling'ang'ania. Kwa kundi hilo mwandishi hana budi kulitaja, kwa kuwa ndilo jina la usajili; basi aandike "kundi linalojiita Wazalendo wa Ulaya", kwa herufi kubwa, kama waandishi makini wa mashariki mwa Kongo wanavyoandika Wazalendo wanapotaja makundi yenye silaha yanayopigana na waasi wa M23. Herufi kubwa inasema: hili ni jina, si hukumu yangu.

Sasa redio ya pili. "Siasa kali za mrengo wa kulia" nimeivumilia miaka mingi na nitaendelea kuivumilia, ila ina udhaifu. Kali, kwa sikio la Kiswahili, ni mbwa, jua, pilipili, baba mkwe. Msikilizaji anangoja mtu anayefoka. Wengi wa wanasiasa hawa hawafoki. Marine Le Pen aliposhika chama cha baba yake mwaka 2011 alianza kukiosha: alimfukuza baba mwenyewe mwaka 2015, akabadilisha jina la chama mwaka 2018, akalegeza sauti. Baba alipata asilimia 17.8 katika duru ya pili ya urais mwaka 2002; binti akapata 41.5 mwaka 2022. Ukali umo kwenye sera, hauko kooni.

Nao mrengo usikudanganye ukadhani ni siasa za matajiri. Vyama vingi vya aina hii huahidi pensheni na hospitali kwa ukarimu, mradi ziwe za wenyeji. Hapo ndipo pa kuvitambulia: wenyeji kwanza, na mwenyeji hupimwa kwa ukoo na utamaduni, hapimwi kwa pasipoti; sheria na adhabu za mkono wa chuma; na dai kwamba umma safi umesalitiwa na wakubwa. AfD haikuzaliwa hivyo. Iliasisiwa mwaka 2013 na wachumi waliopinga kuokoa sarafu ya euro, ikapata asilimia 4.7 na kukosa bunge. Wakimbizi walipoingia kwa wingi mwaka 2015 iligeuza shingo, na mwaka 2017 ikapata 12.6, kisha 20.8 Februari 2025.

Tofauti moja zaidi tusiipoteze. Kuna wanaokubali uchaguzi lakini hawataki haki za walio wachache wala mahakama za kuwazuia, na kuna wanaokataa mchezo wote. Golden Dawn ya Ugiriki ilikaa bungeni, lakini Oktoba 2020 mahakama ya Athens iliitangaza genge la wahalifu, baada ya mwanamuziki Pavlos Fyssas kuuawa kwa kisu na mfuasi wao mwaka 2013. Hao waite Wanazi mamboleo bila kusita. Ukimwita hivyo kila anayepinga wahamiaji, siku ya Golden Dawn utakuwa umeishiwa maneno.

Jibu langu basi: jina la jumla liwe "mrengo mkali wa kulia". "Siasa kali" sawa. "Wahafidhina" ni jirani zao, wasichanganywe. Sera ya kuwabagua wasio wazawa iitwe "siasa za wenyeji kwanza". Na ule mwiko wa vyama vya Ujerumani wa kutoshirikiana na AfD si "ukuta wa moto", jamani. Ukuta wa moto unawaka. Neno lao la Kijerumani, Brandmauer, ni ukuta mnene kati ya nyumba mbili, unaozuia moto wa jirani usivuke. Sema ukuta wa kuzuia moto.

Lipo kosa lingine ambalo msomaji hakuliuliza, na linaniudhi kuliko yote. Januari 2024 jopo la wanaisimu wa Ujerumani lilitangaza "Remigration", neno la mpango wa kuwaondoa wahamiaji nchini, kuwa neno ovu la mwaka 2023. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa AfD mjini Riesa, Alice Weidel, kiongozi mwenza wa chama hicho, alilitamka jukwaani silabi moja moja, ukumbi ukishangilia. Chama kinasema linawahusu wasio na haki ya kukaa. Martin Sellner, mwanaharakati wa Austria aliyelieneza, anawaingiza hata raia anaoona hawajajichanganya. Redio zetu zinatafsiri: "kuwarejesha wahamiaji makwao". Makwao! Msichana aliyezaliwa Stuttgart, anayesoma Stuttgart, mwenye kitambulisho cha Kijerumani, kwao ni wapi? Kiambishi kidogo tu, na mtangazaji ameshakubali hoja yote kabla ya kufika kwenye nukta. Iandikwe hivi: "mpango wa kuwaondoa nchini wahamiaji, na kwa baadhi ya waasisi wake, hata raia wenye asili ya kigeni". Ni ndefu, inakula sekunde 6 za taarifa ya habari, na zitumike.